Kishika uchumba hakirudi kwa huruma

Swali ni lile lile, linabadilika jina la benki tu: "Wakili, mkopo umekataliwa, nitadai vipi kishika uchumba changu?" Nami huuliza: mkataba wa nyumba unasemaje kuhusu mkopo? Kimya. Kisha linakuja jibu lililokwisha kunichosha: "Lakini tuliandikiana kwa mwenyekiti, na muhuri upo."

Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba watu fulani walifika ofisini siku fulani wakatia saini. Basi. Hauongezi hata neno moja kwenye karatasi. Mwenyekiti anaweza kuwa shahidi mzuri kwamba ulilipa shilingi milioni 10, lakini hawezi kushuhudia sharti ambalo hamkuliweka. Sheria ya Ardhi inataka makubaliano ya kuuziana yawe kwenye maandishi, kwa hiyo alichokuambia dalali mkiwa njiani, kwamba "huyu mzee hana shida, atarudisha", usikitegemee.

Tazama ulichokifanya kisheria. Uliahidi kununua kwa milioni 80, ukatoa 10 za kishika uchumba, salio ndani ya siku 60. Benki kukunyima mkopo si kosa la muuzaji. Aliyevunja mkataba ni wewe. Muuzaji ambaye miezi miwili amekuwa akiwarudisha wateja wengine ana hoja nzito ya kuizuia pesa yako, na kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinamruhusu kudai fidia ya hasara aliyoipata. Huruma ya muuzaji ni jambo jema, ila haidaiwi mahakamani.

Wengine huja na karatasi yenye sentensi hii: "Pesa itarudishwa endapo mambo hayatakwenda sawa." Mambo yapi? Yasipokwenda sawa kwa nani? Mpaka lini? Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba kinabatilisha makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana. Aliyekuandikia sentensi hiyo amekuandalia kesi.

Na dawa ipo siku zote. Vifungu vya 31 hadi 36 vya sheria hiyo hiyo vinatambua mkataba wenye sharti: wajibu haudaiki mpaka tukio lililotajwa litokee, na likiwekewa muda, muda ukapita halijatokea, mkataba unakuwa batili. Basi andika hivi: "Mnunuzi atanunua iwapo benki itamwidhinishia mkopo usiopungua shilingi milioni 60 kabla ya tarehe 30 Juni. Akinyimwa, na akamkabidhi muuzaji barua ya benki kabla ya tarehe hiyo, mkataba utakoma na malipo yote ya awali yatarudishwa ndani ya siku 14." Tukio, tarehe, ushahidi, pesa. Kikikosekana kimoja, umeandika dua. Na huo mkopo uuombe kweli. Ambaye hata fomu hakuipeleka benki asitarajie sharti limtetee.

Mengine haraka haraka. Nyumba ina hati? Weka sharti la upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina liwe la muuzaji, pasiwe na rehani wala zuio. Muuzaji ana mke au mume? Ridhaa ya maandishi, maana kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ya marehemu? Barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Mipaka? Mpimaji aende na ramani kabla hujalipa salio. Jengo? Mhandisi alikague, na mkataba utaje gharama ya matengenezo ambayo ikizidi unaruhusiwa kujitoa. Malipo ya awali yakae kwa wakili anayekubaliwa na pande zote mbili, yasikae mfukoni mwa dalali. Muuzaji akikataa masharti yote, toa kishika uchumba kidogo ambacho hata kikipotea utalala usingizi, au mwachie nyumba yake.