Gari Likipoteza Mwendo, Dereva Asilaumiwe Kabla ya Swichi Kupimwa

Ndugu wafanyakazi, gari la kampuni likileta taabu, mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva. Gari lenyewe huulizwa mwisho, na pengine haliulizwi kabisa. Leo nataka kueleza taabu moja ya namna hiyo, nayo ni ya kifaa cha kushika mwendo katika magari ya zamani, ambacho mafundi hukiita kruzi.

Katika shamba la miwa ninakofanya kazi ya ufundi, hapa Uganda, tunalo gari dogo la miaka ya 1980 linalochukua wakubwa kwenda Kampala na Masaka. Dereva wake ni mzee aliyeanza kazi miaka mingi kabla yangu. Alikuwa akiweka kruzi kwenye kilomita 80 kwa saa, mara gari linapunguza mwendo lenyewe. Kesho yake linakwenda vizuri mchana kutwa. Mkubwa mmoja akasema mzee anasinzia kwenye usukani, na barua ya onyo ikaandikwa. Tulipolipima gari karakana hatukuona kosa lolote, na jambo hilo likawa kama ushahidi wa pili juu yake.

Mwakilishi wa chama alinijia kuuliza kama kosa la gari laweza kuja na kuondoka. Nikamjibu kuwa laweza, tena kosa la namna hiyo halikamatwi gari likiwa limesimama uani.

KIFAA CHENYEWE

Kruzi ilibuniwa na Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utoto wake. Alipewa hataza mwaka 1950, na Chrysler ikaanza kukiuza kifaa hicho katika magari yake ya mwaka 1958. Kazi yake ni kuvuta waya wa mafuta badala ya mguu wa dereva.

Katika magari mengi ya zamani, kinachovuta waya huo ni kikombe chenye utando wa mpira, nacho hupata nguvu kutokana na mvuto wa hewa wa injini. Magari mengine yana mota ndogo ya umeme. Kisanduku cha umeme hupokea habari ya spidi, hulinganisha na ile aliyoichagua dereva, kisha huamuru waya uvutwe au ulegezwe. Breki ikiguswa, swichi iliyo kwenye pedali hukata kazi yote mara moja. Gari la gia za mkono huwa na swichi nyingine kwenye klachi.

Tuelewe basi kwamba kruzi imetengenezwa ili iachie upesi. Ikipata habari kuwa breki imeguswa, hata kama habari hiyo ni ya uongo na ya nukta moja tu, inaachia na haishiki tena mpaka dereva abonyeze. Kwa hiyo waya uliolegea kidogo waweza kumharibia mtu sifa yake.

DAFTARI KABLA YA SPANA

Nilimwambia dereva, "Mzee wangu, usibishane nao tena. Tafuta daftari."

"Niandike nini, kijana wangu? Mimi si karani."

"Kila inapoachia, ukishasimama, andika mahali, saa, mvua au jua, mlima au tambarare, na jambo lililotokea wakati ule ule."

Daftari hilo ndilo linaloonyesha mahali pa kuanzia. Kruzi ikiachia kwenye matuta na mashimo, tazama swichi ya breki, ile ya klachi, na plagi za waya. Ikiachia kwenye milima mirefu, tazama mipira ya hewa: injini ikikaza sana mvuto wa hewa hupungua, na mpira uliopasuka au valvu isiyofunga humaliza akiba iliyobaki. Ikifanya kazi asubuhi na kukataa gari likishapata moto, shuku kisanduku cha umeme, kwani lehemu ya ndani hupata nyufa ambazo joto huzitanua. Ikikataa siku za mvua, fungua plagi utafute maji na kutu. Mshale wa spidi ukirukaruka kabla kruzi haijaachia, shida iko kwenye habari ya spidi.

Usisahau yaliyo rahisi: fyuzi, waya wa athi, na balbu za taa za breki. Katika magari mengi ya zamani kisanduku hupata athi kupitia balbu hizo. Zikiungua zote, au mtu akiweka za LED, kruzi yaweza kukataa ingawa yenyewe ni nzima.

Baada ya wiki mbili mzee alileta daftari lake. Kruzi ilikuwa imeachia mara kumi na moja, na mara tisa ilikuwa kwenye matuta. Mwenzangu alisimama nyuma ya gari, mimi nikainama chini ya dashibodi na kuitikisa pedali kwa kidole kimoja. Taa za breki zikapepesa. Nati ya swichi ilikuwa imelegea, na kila tuta lilikuwa likiiambia kruzi kwamba dereva amekanyaga breki. Tuliiweka swichi mahali pake na kukaza nati. Hatukununua hata kipuri kimoja. Safari mbili za Masaka zilipopita bila kruzi kuachia, mwakilishi alipeleka daftari ofisini, na barua ya onyo ikafutwa.

HATARI MBILI

Wako mafundi ambao, wakichoshwa na kosa kama hili, huiruka swichi ya breki kwa kipande cha waya. Jambo hilo ni la hatari kabisa. Kruzi inayoachia ovyo inaudhi, lakini kruzi isiyoachia inaua. Ikikutokea, kanyaga breki kwa nguvu, ondoa gia, zima kruzi kwa kitufe chake, na usichomoe ufunguo gari likiwa bado linakwenda, maana usukani waweza kujifunga.

Pili, swichi yenyewe yaweza kuleta moto. Kati ya mwaka 1999 na 2009 kampuni ya Ford huko Marekani iliita magari zaidi ya milioni 14 kwa sababu ya swichi ya kruzi iliyounganishwa na breki. Mafuta ya breki yaliweza kupenya ndani yake, na kwa kuwa umeme ulikuwamo wakati wote, gari liliweza kushika moto hata likiwa limeegeshwa na kuzimwa. Ukiona unyevu wa mafuta kwenye swichi ya namna hiyo, chomoa plagi yake na utoe taarifa siku hiyo hiyo.

Ndugu madereva, andikeni. Ndugu mafundi, msiseme gari ni zima kwa kuwa tu leo limekubali. Nanyi wawakilishi, barua ya onyo ikiletwa juu ya mwendo wa gari, ulizeni kwanza nani aliyeipima swichi ya breki. Mzee wetu bado anaendesha gari lile lile, na daftari lake liko kwenye kisanduku cha dashibodi.