Hapa, Huku, Humu: Onyo la Sinclair Lewis Kuhusu Ufashisti katika Mizani ya Sarufi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza anwani ya riwaya ya Sinclair Lewis, *It Can't Happen Here* (1935), kwa kuuliza swali moja: mfasiri wa Kiswahili atalazimika kuamua nini ili aweze kuitamka? Inadaiwa kwamba Kiswahili, kwa upatanisho wake wa ngeli, viambishi vyake vya mahali na kauli zake za kitenzi, hakimruhusu msemaji kubaki katika ukungu ambao Kiingereza kinamruhusu. Ukungu huo ndio riwaya yenyewe inaoushambulia. Kwa hiyo uchanganuzi wa anwani unatupatia njia ya kuisoma riwaya nzima na kupima manufaa yake kwa msomaji wa leo.

1. Utangulizi

Lewis alikuwa Mmarekani wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1930. Riwaya yake hii ilitoka miaka miwili baada ya Hitler kushika madaraka Ujerumani, huku Mussolini akiwa ameitawala Italia kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mkewe, mwanahabari Dorothy Thompson, aliwahi kumhoji Hitler na alifukuzwa Ujerumani mwaka 1934. Nchini Marekani kwenyewe, mdororo wa uchumi ulikuwa umewapa hadhira kubwa wanasiasa kama Seneta Huey Long wa Louisiana, aliyeuawa mwezi mmoja tu kabla ya riwaya kuchapishwa, na mahubiri ya redioni ya Padri Charles Coughlin. Tarehe 27 Oktoba 1936, tamthilia iliyotokana na riwaya hiyo ilianza kuonyeshwa siku moja katika miji mingi ya Marekani chini ya mradi wa serikali wa michezo ya kuigiza.

Kisa chenyewe kinasimuliwa kutoka mji mdogo wa kubuni, Fort Beulah, katika jimbo la Vermont. Doremus Jessup, mhariri wa gazeti mwenye umri wa miaka 60, anamtazama Seneta Berzelius Windrip akishinda urais kwa kura halali, kwa ahadi ya dola 5,000 kwa mwaka kwa kila familia. Muda mfupi baada ya kuapishwa, Windrip analinyang'anya Bunge mamlaka yake, anawakamata wabunge wanaompinga, na kundi lake la vijana waliokuwa wakiandamana wakati wa kampeni linageuka kuwa jeshi lake binafsi.

2. Kiima kisicho na jina

Katika anwani ya Kiingereza, kiima ni kiwakilishi kisichorejelea nomino yoyote iliyotajwa. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo bure. Mfasiri akiandika *haiwezi*, msomaji atatafuta nomino ya ngeli ya I-, huenda *hali* au *serikali ya namna hiyo*. Akiandika *haliwezi*, atakuwa amesema *jambo*, tukio moja lenye mwanzo na mwisho. Akiandika *hayawezi*, atakuwa amesema *mambo* au *maovu*, yaani mfululizo wa matendo mengi.

Naona *hayawezi* ndiyo inayoafikiana zaidi na riwaya. Udikteta wa Windrip hauingii kwa mlango mmoja. Kwanza ni ilani ya hoja kumi na tano, ambamo haki za Weusi, Wayahudi na wanawake zinabanwa mapema kabisa, mbele ya macho ya wote. Kisha ni sheria ya kijeshi, kufutwa kwa majimbo, mahakama za watu waliovaa sare, na mwishowe kambi za kuwafungia wapinzani. Kila hatua ina watetezi wanaosema kwamba ni ya muda tu. Anayesubiri *jambo* ili alipinge hulikosa, kwa kuwa yaliyopo ni *mambo*.

Ukosefu wa jina una kazi nyingine pia. Chama cha Windrip hakijiiti cha kifashisti. Kinajiita cha wazalendo. Kwa hiyo wanaolitafuta neno *ufashisti* kwenye mabango hawalioni, na hitimisho lao ni kwamba kitu chenyewe hakipo.

3. Ngeli za mahali

Neno la mwisho la anwani linamtaka mfasiri achague kati ya *hapa*, *huku* na *humu*. Tofauti zake tunazifundisha kila mwaka: PA- kwa mahali mahususi, KU- kwa eneo lisilo na mipaka dhahiri au mwelekeo, MU- kwa undani. Riwaya inazipitia zote tatu, na kila moja ina udanganyifu wake.

*Hapa* ni dai la Frank Tasbrough, tajiri mwenye machimbo ya mawe, anayesisitiza mapema katika riwaya kwamba mambo hayo hayawezekani Marekani. Jessup anamjibu kwa kumkumbusha historia ya hapo hapo: makundi ya Ku Klux Klan, na jinsi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kabichi chachu yenye jina la Kijerumani ilivyobatizwa upya kuwa kabichi ya uhuru. Mfano huu wa pili una maana ya pekee kwa mwanaisimu. Umati uliokubali kubadilisha jina la chakula kwa sababu ya chuki ulikwisha kujifunza utiifu kabla ya dikteta kufika.

*Huku* ni udanganyifu wa mbali na karibu. Habari za Ujerumani na Italia zinasomwa Fort Beulah kama habari za *kule*. Methali yetu inasema kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Wakazi wa mji ule wanamwona mwenzao akinyolewa na kuhitimisha kwamba nywele zake ni za aina nyingine.

*Humu* ndiyo ngazi inayouma zaidi. Shad Ledue, kibarua wa nyumbani kwa Jessup, anageuka kuwa mtawala wa wilaya. Philip, mwana wa Jessup na mwanasheria, anautetea utawala mpya. Na Jessup mwenyewe anafikia kukiri kwamba udikteta umewezeshwa na watu waadilifu lakini wavivu wa fikra, walioacha wanasiasa walaghai wapenye bila upinzani mkali. Kikulacho ki nguoni mwako: methali hii ilichagua kiambishi cha undani, na riwaya inaishia kwenye chaguo hilo hilo.

4. Kutokea, kutendeka, kutendwa

Kitenzi nacho kinadai uamuzi. *Tokea* ni unyambuo wa *toka*, na mnyambuliko huo unaweza kuchora picha ya kitu kinachochomoza kutoka kwingine na kuwafikia watu. *Tendeka* inaunganisha maana mbili, kuwezekana na kuwa katika hali ya kufanywa, lakini kwa kawaida haimtaji mtenda. Ni *tendwa* pekee inayofungua nafasi ya *na*: maovu yametendwa na nani?

Anwani ya Lewis inamkejeli msemaji anayetumia kitenzi cha kutokea, na kurasa zake zinajibu kwa kauli ya kutendwa. Hotuba zinatengenezwa na Lee Sarason, katibu wa Windrip. Daktari Fowler Greenhill, mkwe wa Jessup, anauawa kwa amri ya ofisa mwenye jina na cheo. Wakati huohuo lugha ya Windrip hufanya kinyume: Jessup anatoka kwenye mkutano wake akiwa amesisimka, lakini hakumbuki hata hoja moja. Victor Klemperer, mwanafilolojia aliyeishi chini ya Wanazi na kuchapisha uchunguzi wake wa lugha yao mwaka 1947, aliona kwamba nguvu ilikuwa katika maneno madogo yanayorudiwarudiwa kuliko katika hoja. Umberto Eco naye, mwaka 1995, aliuweka ufukara wa msamiati kuwa sifa ya mwisho kati ya 14 alizouhusisha na ufashisti.

5. Umuhimu wake leo

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2016, riwaya hii ilinunuliwa upya kwa wingi. Matumizi hayo yana hatari yake. Orwell alilalamika mwaka 1946 kwamba neno *ufashisti* limebaki kumaanisha tu kitu kisichopendwa, na msomaji anayemtafuta Windrip katika kila mwanasiasa asiyempenda anaendeleza uharibifu huo. Inaweza kudaiwa pia kwamba wahusika wa Lewis ni bapa na tashtiti yake haina staha. Madai hayo yana ukweli. Hata hivyo, thamani ya riwaya haimo katika kufananisha sura za watu, bali katika kuonyesha mpangilio wa hatua na watenda wake.

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada. *Shamba la Wanyama* (1967), tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya Orwell, lilisafiri kwa urahisi kwa kuwa shamba la ngano linaweza kuwa popote. Riwaya ya Lewis imefungwa Vermont kwa majina ya barabara na vyama. Lakini *hapa* ni kionyeshi, na kionyeshi humfuata anayekitamka. Siku mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa atakapoisoma anwani hiyo kwa Kiswahili, neno hilo litakuwa limehama bila kubadilishwa herufi.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba anwani moja ya Kiingereza inagawanyika, katika Kiswahili, kuwa maswali matatu: ni nini, ni wapi, na ni nani atendaye. Anayesema *haiwezi kutokea hapa* huwa hajajibu hata moja. Tunapendekeza maswali hayo yatumike darasani katika usomaji wa fasihi ya kisiasa, iwe ya kutafsiriwa au yetu wenyewe. Mwanafunzi anayeweza kuigeuza sentensi ya *yalitokea* kuwa *yalitendwa na*, kisha akaijaza nafasi iliyoachwa wazi, anakuwa amejifunza sarufi na amejifunza pia kuwajibisha.