Machicha ya Karoti Ndani ya Mtindi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimaliza na maziwa yenyewe: yanavyochemshwa, yanavyopozwa, na kwa nini maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa majuzi hukataa kuganda hata uyabembeleze vipi. Leo tunageukia ndoo.

Ndoo ninayoisema iko chini ya meza ya muuza sharubati, kuanzia viunga vya Ngome ya Yesu hapa Mombasa mpaka ndani ya Ndia Kuu. Mchana wa kaskazi, watalii wakitoka kwenye kuta za Mreno nyuso zimewaiva kwa jua, kinachouzika ni kitu baridi tu: madafu, maji ya miwa, ukwaju, embe, na siku hizi karoti iliyokamuliwa pamoja na chungwa na tangawizi. Mnunuzi huondoka na gilasi yake. Machicha hubaki ndooni, mabichi, yenye rangi kali, matamu kidogo ukiyaonja, na ikifika alasiri nzi wameshayamiliki. Nilimuuliza kijana mmoja huyapeleka wapi. "Ya mbuzi hayo, mwalimu," akanijibu. "Na siku mbuzi wakishiba, ya gari la taka."

Basi mbuzi wa Mji wa Kale wanakula vizuri kuliko wenye mbuzi. Katika kilo moja ya karoti inayoingia mashineni, theluthi hivi hutoka ikiwa machicha, na mashine ikiwa dhaifu huwa zaidi ya hapo. Humo ndimo zinamobaki nyuzinyuzi karibu zote, pamoja na sehemu kubwa ya karotini, ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Tunachokilipia ni maji matamu. Na taka za mboga mbichi nazo ni maji matupu, asilimia 80 au zaidi ya uzito wake. Taka za kisiwa hiki zilimwagwa miaka mingi pale Kibarani, kando ya njia ya Makupa, mpaka jaa likafungwa. Sasa hupelekwa Mwakirunge, huko bara upande wa Kisauni. Kwa hiyo tunachoma dizeli ya lori kubeba maji na nyuzinyuzi kwenda kuoza.

Wapo watakaokunja uso wakisikia kwamba machicha yatiwe kwenye mtindi. Wasichojua ni kwamba huenda wameshayala. Kinachofanya maziwa ya matunda ya paketi yasijitenge, na jemu ikashika kwenye kijiko, mara nyingi ni pektini, na pektini ya viwandani hutolewa kwenye maganda ya machungwa na ndimu na kwenye machicha ya matofaa yaliyokamuliwa maji yake. Kiwanda cha Ulaya hununua taka ya kiwanda jirani, huisafisha, huikausha iwe unga mweupe, kisha huiuza duniani kote kwa bei ya dawa. Karoti nayo ina pektini. Tofauti ni kwamba yake imeandamana na nyuzinyuzi nyingine na rangi, na haijapita katika mikono ya mkemia.

Hapa Mji wa Kale jambo hili lina uzito wa namna yake. Watengenezaji wengi wa mtindi duniani huukaza kwa jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, wakiwemo nguruwe. Ndiyo maana mama wa Kibokoni hugeuza kikopo akasoma maandishi madogo kabla ya kukitia kikapuni, na asipoyaelewa hukirudisha rafuni. Mtindi uliokazwa kwa karoti haumsumbui mtu kwa swali hilo.

Sasa tuingie ndani ya sufuria. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, iliyokusanyika katika vijidonge vidogo mno vinavyoelea vikisukumana, na kusukumana huko ndiko kunakoyafanya maziwa yabaki maji. Bakteria wa mtindi ni wa aina mbili, streptokoki mmoja apendaye joto na laktobasili mmoja. Hula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Kipimo cha ukali, pH, hushuka kutoka karibu 6.6 hadi 4.6, na hapo nguvu ya kusukumana hupotea, vijidonge hushikana, na kunafumika wavu unaoyanasa maji na mafuta ndani yake. Wavu ukiwa legelege, maji huvuja juu. Kila anayenunua mtindi wa kienyeji anayajua maji yale.

Unga wa machicha ya karoti hufanya kazi katika matundu ya wavu huo. Hufyonza maji na kuvimba, mtindi ukawa mzito na maji yakapungua. Hiyo ni kama umetiwa kwa kiasi. Ukizidishwa, chembe zake huukatakata wavu badala ya kuujaza, na mtindi huvunjika mabonge, ukaacha mchanga ulimini. Kiasi kinachofaa ni karibu asilimia 1, yaani gramu 10 za unga kwa lita moja ya maziwa. Asilimia 2 inawezekana ikiwa unga umesagwa laini kweli. Kupita hapo mtu anatengeneza uji.

Nyumbani mambo huenda hivi. Karoti zioshwe na kumenywa kabla ya kukamuliwa, kwa kuwa zimeota ardhini na udongo una vijidudu ambavyo mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Machicha yatiwe kwenye mvuke mara moja, dakika tano hivi, ili vimeng'enya vinavyoharibu rangi vife. Kisha yakaushwe kwa joto la nyuzi 60 au chini kidogo, katika oveni iliyoachwa mlango wazi au kikaushio cha jua kilichofunikwa. Jua la moja kwa moja huila karotini kama linavyopausha kanga kwenye kamba. Yakishakuwa makavu ya kuvunjika, yasagwe na kuchekechwa kwa chekecheke ya unga wa ngano. Kwa anayeona kazi hii ni ndefu, gramu 50 za machicha mabichi yaliyopikwa kwa mvuke na kusagwa laini ni sawasawa na gramu 10 za yale makavu, kwani yaliyozidi ni maji.

Unga huo huingia kwenye maziwa yakiwa bado baridi, wala si baada ya kuganda. Vyote viwili vipande moto pamoja hadi nyuzi 85 au 90 na kukaa hapo kama dakika kumi, huku mtu akikoroga. Hatua hii huua vijidudu vingi vya unga na vya maziwa kwa pamoja, na pia huitayarisha protini ishike vizuri. Yapoe mpaka nyuzi 43, joto ambalo kidole safi hulivumilia bila kuchomeka, kisha yatiwe chachu: vijiko viwili vya mtindi mtupu wenye bakteria hai. Yamimine kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji moto, ifunge, iache saa tano au sita. Chupa ile ile inayowekwa chai ya tangawizi kwa ajili ya wageni wa magharibi hutosha kabisa; inashika joto vizuri kuliko sufuria iliyoviringishwa shuka. Ukifungua utakuta mtindi wa rangi ya krimu iliyokolea, mtamu kidogo wenyewe. Utie kwenye friji usiku mzima kabla ya kuuhukumu.

Na afya je? Hapa wenzangu wengi wanaoandika juu ya vyakula hupiga tarumbeta mapema. Tufanye hesabu. Karibu nusu ya uzito wa machicha makavu ya karoti ni nyuzinyuzi, mara nyingine zaidi. Kikombe cha gramu 200 cha mtindi wa asilimia 1 kina gramu 2 za unga, basi nyuzinyuzi ni gramu moja na ushei. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate gramu 25 kwa siku. Sahani ya mbaazi za nazi asubuhi inakishinda kikombe hicho mara kadhaa. Karotini nayo ipo, na inanufaika na mafuta ya maziwa kwa sababu haifyonzwi vizuri bila mafuta, jambo ambalo ni hoja ya kutumia maziwa kamili. Lakini mtindi wa karoti si dawa.

Faida kubwa iko kwenye kile kinachoachwa. Kikombe kama hicho cha mtindi wa dukani wenye ladha ya stroberi au vanila mara nyingi hubeba gramu 12 hadi 20 za sukari ya kuongezwa, vijiko vya chai vitatu mpaka vitano, na juu yake rangi, harufu na wanga wa kukaza. Shirika hilo hilo linashauri sukari ya namna hiyo isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Karoti iliyoiva kwa mvuke ina utamu wake, ina rangi yake, na inakaza. Nusu ya sukari inaweza kuondoka bila mtoto kulalamika sana. Katika mji ambao kisukari kimeshaingia nyumba nyingi, hizo gramu sita mpaka kumi zilizopungua naziona zina thamani kuliko ile gramu moja ya nyuzinyuzi iliyoongezwa.

Si kila ndoo ni ya mtindi. Wauza krispi za muhogo pale Mama Ngina humenya magunia kwa magunia, na nimeshaulizwa kuhusu maganda yale. Jibu ni hapana. Muhogo una linamarini, ambayo hugeuka sianidi, na ganda lina sumu hiyo kuliko nyama yake. Maganda ya viazi vya karai na bajia nayo ni hapana, hasa yaliyoota ukijani, kwa kuwa solanini iliyomo haiondoki kwa kuchemsha. Majani ya nje ya kabichi hayana sumu, ila maziwa hunuka na hakuna atakayekunywa. Bitruti inafaa kwa rangi, ingawa harufu yake ya udongo haimpendezi kila mtu na rangi hufifia ikipigwa na mwanga.

Machicha ya nazi yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu kila jiko la pwani linayo na kila mtu atayafikiria. Yakiwa mabichi kabisa, yaliyokunwa na kuchujwa saa ile ile, hayana ubaya. Nyuzinyuzi zake ni ngumu tu na mafuta yake huchacha upesi. Hatari ni kuyalaza. Huko Java watu walikuwa wakichachusha machicha ya nazi wakapata chakula kiitwacho tempe bongkrek. Mara kwa mara kulizuka vifo vya watu wengi kwa pamoja, mpaka serikali ya Indonesia ikakipiga marufuku mwaka 1988. Muuaji ni bakteria atengenezaye asidi ya bongkreki, sumu isiyo na harufu, isiyo na ladha, na isiyokufa kwa moto wa jikoni. Na si hadithi ya mbali. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Wakati ule wengi walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha ni sumu hii hii, iliyozaliwa kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Kwa hiyo kanuni haina mjadala: mabaki yapikwe yakiwa mabichi siku ile ile, na kinachochachusha kiwe chachu inayojulikana, si chochote kilichotangulia kutua ndooni.

Wanaodhani kuchanganya mmea na maziwa ni mambo ya kigeni waende Bonde la Ufa. Wakalenjin husugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet kabla ya kumimina maziwa ya mursik, na ule mtindi wa rangi ya kijivu ndio unaowapokea wanariadha uwanja wa ndege. Karibu zaidi na wazo letu ni Mwanza, ambako tangu 2004 kikundi cha kina mama cha Tukwamuane kilitengeneza mtindi uitwao Fiti kwa bakteria waliochaguliwa na watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Kanada. Baadaye mtindi wa aina hiyo ulitiwa unga wa majani ya mlonge na kupewa wajawazito, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba ongezeko la zebaki na aseniki katika damu yao lilizuilika. Ulikuwa utafiti mdogo wa majaribio. Lakini ulionyesha kwamba jiko la kina mama linaweza kutengeneza kitu kinachostahili kupimwa maabara.

Kwa anayetaka kuuza, kizuizi chake hakitakuwa kaseini. Atahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) na cheti cha afya cha kaunti, na kikopo lazima kiseme waziwazi kwamba ndani mna karoti. Atahitaji pia kupatana na muuza sharubati ampe ndoo mbili, moja ya machicha ya karoti peke yake na nyingine ya mengineyo, na aipitie ile ya kwanza kabla ya adhuhuri. Nimewauliza wauzaji kadhaa kama wangekubali. Wote waliuliza kitu kimoja: ndoo ya pili atanunua nani?

Juma lijalo: maji ya kijani yanayodondoka chini ya kitambaa mtindi wa biriani unapotundikwa, na yaliyomo ndani yake kabla hayajamwagwa karoni.