Je, Wajua? Mmoja huwaendea watano

Je, wajua kwamba mtu mmoja anaweza kuchukua dawa za kufubaza VVU za watu sita kwa safari moja?

• Utaratibu huu ulianza mwaka 2008 mkoani Tete, Msumbiji. Kliniki zilikuwa mbali, nauli ghali, foleni ndefu. Wanaoishi na VVU wakajiunga katika vikundi vya hadi watu sita wanaoaminiana, wakisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka na idara ya afya ya mkoa.

• Kabla ya safari, wanakikundi hukutana na kuhesabu vidonge vya kila mmoja. Hesabu huandikwa kwenye kadi. Mwenye zamu hubeba kadi za wote na kurudi na dawa za wote.

• Siku hiyo mwenye zamu naye hupimwa afya. Kwa kikundi cha sita na safari ya kila mwezi, kila mtu hufika kliniki mara mbili tu kwa mwaka!

• Utaratibu huo umevuka mipaka hadi Malawi, Zimbabwe na Lesotho. Kidole kimoja hakivunji chawa.