Kasongo ya kwanza ilikuwa Tongoni

Wengi wanafikiri mji wa Kasongo ulikuwa siku zote hapa ulipo leo. Hapana. Mji mkuu wa Tippu Tip, aliyetawala Maniema tangu miaka ya 1870, ulikuwa kule Tongoni. Jina lenyewe linasema: tongo ni mahali palipohamwa. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Kabambare ikienda Ujiji, kisha pwani. Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliuteka mji toka mikononi mwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Baadaye serikali ikahamia Kasongo ya leo. Mpunga, Uislamu na hiki Kiswahili chetu njo vilibaki. Lakini uliza nani aliletwa Tongoni kwa kamba: wazee wengine wananyamaza.