Mali Bila Daftari: Programu ya Nje Ikae Wapi Kwenye Unix?

Kaa mbele ya seva inayoendeshwa na Debian, uandike dpkg -S /usr/bin/git. Jibu linakuja papo hapo: git: /usr/bin/git. Maana yake faili hiyo ina mwenyewe, yaani kifurushi cha git, na umiliki huo umeandikwa. Daftari lenyewe liko kwenye saraka ya /var/lib/dpkg/info, ambamo kila kifurushi kina orodha ya faili kilizoingia nazo. Sasa uliza hivyo hivyo juu ya programu uliyoijenga kutoka msimbo chanzo ukaisakinisha kwa make install. Mfumo utajibu kwamba hauitambui.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huchukulia mahali pa kuweka programu ya nje kuwa suala la unadhifu tu. Kumbe ni suala la mamlaka: nani ataisasisha, nani ataibadilisha, nani ataifuta.

Tuseme umeiweka programu yako moja kwa moja ndani ya /usr/bin. Siku kikija kifurushi cha Debian chenye faili ya jina hilo hilo, dpkg, kisakinishi cha vifurushi vya Debian, itaangalia daftari. Ikikuta faili ni ya kifurushi kingine, itasimama na kutangaza kosa. Isipomkuta mwenyewe, itaandika juu yake bila kuuliza, na kazi yako imekwenda. Kinyume chake ni hatari zaidi. Ukifunika faili ya mfumo kwa toleo lako, daftari litaendelea kusema toleo la Debian ndilo lililopo. Anayekagua viraka vya usalama ataambiwa mambo ni shwari, ilhali kinachofanya kazi ni kitu kingine kabisa.

Saraka hizi zina historia yake. Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Siku hizo /usr ilikuwa makazi ya faili za watumiaji. Diski ya mfumo ilipojaa, programu zikahamia huko na hazikuondoka tena. Desturi ziliendelea kutofautiana, hadi Februari 1994 jumuiya ya Linux ilipotoa kanuni yake ya kwanza ya mpangilio wa saraka. Kanuni iliyotokana nayo, FHS, ilifikia toleo la 3.0 mwaka 2015. Hiyo inaiacha /usr/local mikononi mwa msimamizi wa kompyuta husika, na inataka isiharibiwe mfumo unaposasishwa. Saraka ya /opt imetengewa vifurushi vya ziada, kila kimoja na saraka yake.

Programu nyingi zinazojengwa kutoka msimbo chanzo huelekea /usr/local zenyewe, usipoziambia vingine. Hapo ziko salama dhidi ya dpkg, lakini bado hazina daftari. Faili za programu kumi huchanganyika katika bin, lib na share, na miaka miwili baadaye hakuna anayejua ipi ni ya nani. Amri ya make uninstall husaidia pale tu watunzi walipojali kuiandika. Ndiyo maana napendelea kila programu kubwa ya nje ipewe saraka yake, kwa mfano --prefix=/opt/jina-la-programu. Saraka yenyewe inakuwa daftari: ukitaka kujua kilichoingia, unaiorodhesha, ukitaka kuiondoa, unaifuta yote. Wanaotaka kubaki ndani ya /usr/local wana GNU Stow, ambayo huhifadhi kila programu kivyake na kuweka viungo tu kwenye bin na lib.

Umakini unahitajika pia kwenye PATH, orodha ya saraka ambazo mfumo hupekua kutafuta amri. Hupekuliwa kuanzia kushoto, na faili ya kwanza kupatikana ndiyo inayoendeshwa. Kwa kawaida Debian hutanguliza /usr/local/bin mbele ya /usr/bin. Kwa hiyo ukiweka python3 mpya kwenye /usr/local/bin, hati inayoanza na #!/usr/bin/python3 itatumia ya mfumo, na inayoanza na #!/usr/bin/env python3 itatumia yako. Hati mbili, kompyuta moja, Python mbili.

Python ndiyo iliyolazimisha watu kulikabili jambo hili. Pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, na apt, kisimamizi cha vifurushi vya Debian, zilikuwa zikishughulikia mali moja, kila moja na daftari lake. Kuanzia Debian 12, iliyotoka 2023, pip hukataa kugusa Python ya mfumo, na kumwelekeza mtumiaji atengeneze mazingira pepe ndani ya mradi wake. Wapo wanaolalamika. Mimi naona ukali huo ni ulinzi, maana zana kadhaa za mfumo zenyewe hutegemea Python hiyo.

Lakini jina la saraka peke yake halitoshi. Kwenye FreeBSD, vifurushi vyote vya ziada hukaa /usr/local, hivyo huko mwenye daftari ni pkg, kisimamizi chake cha vifurushi, na anayeweka faili kwa mkono anaingilia eneo la mwingine. Homebrew, kisimamizi cha vifurushi kwenye Mac, nayo ilitumia /usr/local kwenye Mac za Intel, kisha ikachagua /opt/homebrew kwa Mac zenye chipu za Apple.

Basi utaratibu ni huu. Kama kifurushi cha mfumo kipo na kinatosha, kitumie. Kama programu ni yako peke yako, iweke chini ya ~/.local, ambako huhitaji mamlaka ya msimamizi wala huwezi kumwathiri mwingine. Kama ni ya watumiaji wote, ipe saraka yake ndani ya /opt au chini ya Stow, uandike ilikotoka na namna ilivyojengwa. Seva huishi muda mrefu kuliko ajira za wanaozitunza, na msimamizi atakayekurithi ana haki ya kukuta kila faili ina mwenyewe anayejulikana.