Shamba Letu, Mawe ya Leta

Wamama, tangu Sakania wanachimba shaba kule Frontier, swali linarudi kila tukikutana hapa Mokambo: wakikuta shaba chini ya mihogo yangu, naweza kuwapangisha?

Marekani mwenye shamba anaweza kukodisha hata mafuta na gesi ya chini yake. Kwetu hapana. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema mawe ya chini ni ya Leta.

Lakini jasho lako si la Leta. Sheria hiyohiyo inadai kampuni imlipe anayelima pale: kodi ya shamba ama bei yake, na nusu juu. Shida yetu ni orodha. Siku ya kuhesabu wanaandika jina la bwana, na mama aliyelima yuko sokoni.

Siku ile soko lingoje. Onyesha mihogo, miembe, kisima. Sema jina lako liandikwe, omba kopi. Usitie kidole kwenye karatasi ya Kifaransa kabla mtu unayemwamini hajakusomea yote.

Tena, kampuni inayochimba inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa vijiji vya karibu. Kikaoni wababa watataja barabara. Sisi tuje tumekwisha kupatana: maji, au nyumba ya kuzalia?